Na watoto alimwachia nani?

Najua nimepotea humu. Kwanza UE zilinibana, halafu likizo nikaenda nyumbani Makanyagio, na nyumbani mnapajua tena, ukifika tu kompyuta inawekwa kabatini unapewa jembe. Nimerudi Mlimani juzi. Boom halijaingia, chumbani tumebanana kama dagaa, na mimi nimekaa hapa kwenye kimbweta nikikumbuka kwamba nina deni la kuwaandikia.

Leo sina umbea wa bwenini. Leo ni historia, tena ndefu kidogo, na ndani yake kuna aibu yangu mwenyewe ambayo nitaisema mwishoni. Asiyependa historia namruhusu aende kafteria, akirudi atatukuta.

Yote yalianza muhula uliopita, kwenye somo la historia ya kusini mwa Afrika. Kundi letu la semina tulikuwa sita, wavulana wanne na wasichana wawili, na mada tuliyopewa ni wanawake katika harakati za ukombozi. Kikao cha kwanza kilichukua kama dakika tano. Jamaa mmoja akagawa kazi: "Nyie wasichana mtatafuta madesa na kuchapa, sisi tutaprezenti." Kasema hivyo bila hata kupepesa macho, kama vile anagawa karanga. Nikawaka. Nikamuuliza, hii mada ni ya wanawake, wewe na hizo ndevu utasimama Yombo mbele ya watu utuelezee nini? Wakacheka, wakaona isiwe tabu, wakaniachia nafasi ya kuprezenti. Nikashinda. Kumbukeni hapo niliposhinda, nitaparudia.

Mtu niliyepewa kumsoma alikuwa Ruth First. Kusema kweli nilikuwa sijawahi kulisikia hilo jina. Mwalimu wa semina akaongeza neno moja lililonifanya nikae vizuri: huyu mama aliwahi kufundisha hapa hapa Mlimani, mwaka 1975. Alikuwa Mwafrika Kusini, mzungu, mkomunisti, na Myahudi.

Sasa neno Myahudi kwetu wengi tunalijua kutoka kwenye mahubiri. Ukilitaja Makanyagio watu watakuambia habari za Musa na bahari ya Shamu. Kwamba kuna Myahudi aliyeandika magazeti Johannesburg, akafungwa, akaja Dar es Salaam kufundisha, akafia Maputo, hilo halimo kwenye mahubiri wala sikulikuta kwenye vitabu vyangu vya sekondari. Basi nikaanza kupiga msuli.

Ruth alizaliwa Johannesburg tarehe 4 Mei 1925. Wazazi wake, Julius na Matilda, ambaye wote walimwita Tilly, walitoka katika familia za Wayahudi waliohamia Afrika Kusini kutoka Latvia na Lithuania, wakati nchi hizo zikiwa chini ya mfalme wa Urusi. Wayahudi wa huko walibaguliwa kwa sheria na mara kwa mara walivamiwa na kuuawa, ndiyo maana maelfu walikimbilia Marekani, Uingereza na Afrika Kusini. Waliobaki yakawakuta makubwa zaidi. Vita Kuu ya Pili ilipoisha mwaka 1945, Wayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa na Wanazi, na Lithuania na Latvia jamii zao zilikuwa karibu zimefutika kabisa.

Ruth alikuwa na miaka 20 vita ilipoisha. Umri wangu huu huu. Miaka mitatu baadaye, 1948, chama cha National kikashinda uchaguzi Afrika Kusini na kuleta apartheid. Baadhi ya vigogo wa chama hicho wakati wa vita walikuwa wanaishabikia Ujerumani ya Hitler. Lakini angalia mtego ulipo: sheria za apartheid hazikumweka Myahudi chini. Zilimweka juu, upande wa weupe. Watu waliokimbia kubaguliwa Ulaya wakapewa kiti kwenye meza ya wabaguzi. Ukitaka unakaa, unakula, unanyamaza.

Wengi walikaa. Tusiwalaumu sana, wengi wetu pia tungekaa. Ila ni jambo la kushangaza jinsi wanawake kadhaa wa Kiyahudi walivyosimama hadharani miaka hiyo. Ray Alexander, mzaliwa wa Latvia aliyefika Cape Town mwaka 1929 akiwa msichana mdogo, alianzisha chama cha wafanyakazi wa viwanda vya vyakula vya makopo mwaka 1941. Mwaka 1954 yeye na Hilda Bernstein, Myahudi mwingine, walikuwa miongoni mwa walioanzisha Shirikisho la Wanawake wa Afrika Kusini, pamoja na wanawake weusi kama Lilian Ngoyi. Hilo ndilo shirikisho lililopeleka wanawake wapatao 20,000 Pretoria tarehe 9 Agosti 1956 kupinga vitambulisho vya kutembelea. Helen Suzman naye alipita njia nyingine kabisa, ya bungeni. Kuanzia 1961 hadi 1974 alikuwa mbunge pekee wa chama chake, mwanamke mmoja kati ya wanaume waliokuwa wakimzomea.

Na hili halikuwa la Afrika Kusini tu. Kumbuka hali ilivyokuwa. Wakati wa vita wanawake wa Ulaya na Marekani walitengeneza ndege na mabomu viwandani, wanaume wakiwa mstari wa mbele. Vita ilipoisha wakaambiwa asanteni, sasa rudini jikoni. Mwaka 1963 Myahudi wa Marekani, Betty Friedan, alitoa kitabu kuhusu akina mama wasomi waliokuwa wanakufa kwa upweke ndani ya nyumba nzuri, na kitabu hicho kikawasha moto. Mwaka 1969 Golda Meir akawa waziri mkuu wa Israeli. Sizungumzii siasa zake, wadau msije mkanirarua. Nasema tu kwamba hata huyo, alipoandika maisha yake, alieleza jinsi moyo wa mama anayefanya kazi unavyopasuka katikati, mguu mmoja ofisini na mwingine kwa watoto.

Turudi kwa Ruth. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akina Nelson Mandela wakiwa huko, kisha akawa mwandishi wa habari. Mwaka 1947 aliandika habari za vibarua weusi wa mashamba ya Bethal waliokuwa wakiishi kama wafungwa. Mwaka 1949 akaolewa na Joe Slovo, mwanasheria, naye Myahudi mzaliwa wa Lithuania. Wakapata mabinti watatu: Shawn, Gillian na Robyn. Mwaka 1956 mke na mume wote wawili wakakamatwa katika kesi ya uhaini pamoja na Mandela. Hebu fikiria nyumba ambayo baba na mama wote ni washtakiwa wa uhaini, na asubuhi kuna watoto wanatakiwa kuvaa sare waende shule.

Serikali ilimpiga marufuku kuandika, akaamua kusomea ukutubi. Agosti 1963 polisi walimfuata maktaba ya chuo, wakamchukua. Sheria ya wakati huo iliruhusu kumweka mtu ndani siku 90 bila mashtaka. Siku 90 zilipokwisha wakamwachia, na kabla hajafika hata nyumbani wakamkamata tena. Jumla siku 117, peke yake, hana cha kusoma isipokuwa Biblia. Alifika mahali akakata tamaa kabisa, akajaribu kuutoa uhai wake. Hili aliliandika mwenyewe, bila kujipamba, kwenye kitabu kinachoitwa kwa hesabu ya siku hizo, kilichotoka 1965. Alipotoka hakukaa. Machi 1964 alichukua mabinti zake akaenda uhamishoni Uingereza.

Huko hakupumzika. Alihariri mkusanyiko wa hotuba na maandishi ya Mandela uliotoka 1965, Mandela akiwa kifungoni. Alimsaidia Jaramogi Oginga Odinga wa Kenya kuandaa kitabu chake cha Not Yet Uhuru, cha mwaka 1967. Kwa hiyo wadau wa Kenya mnaosoma hapa, huyu mama kawapitia na nyie. Mwaka 1970 akatoa kitabu kikubwa kuhusu mapinduzi ya kijeshi Afrika. Kuanzia 1973 akawa anafundisha Chuo Kikuu cha Durham, na ni katika kipindi hicho alipokuja kwetu, 1975.

Dar ya miaka hiyo ndiyo ile tunayoisikia kwa wazee. Vyama vingi vya ukombozi vina ofisi mjini. FRELIMO ilizaliwa hapa mwaka 1962. Walter Rodney alikuwa ametoka kufundisha hapa Mlimani na kitabu chake cha 1972 kilikuwa bado cha moto. Msumbiji ikapata uhuru Juni 1975. Nikipita Nkrumah jioni huwa namuwazia, mama wa miaka 50, mpenda viatu vizuri na nguo nzuri kwa mujibu wa wote waliomjua, anashuka mlimani na mafaili mkononi.

Mwaka 1977 alikwenda Maputo, Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, kuongoza utafiti kuhusu Wamsumbiji waliokuwa wakienda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Mwaka 1975 walikuwa zaidi ya laki moja. Baadaye akawa mkurugenzi wa utafiti wa kituo cha masomo ya Kiafrika cha chuo hicho. Tarehe 17 Agosti 1982 alifungua barua ofisini kwake. Ilikuwa bomu, limetumwa na makachero wa apartheid. Akafa papo hapo, ana miaka 57. Chuo alichofia kina jina la Mondlane, na Mondlane mwenyewe aliuawa kwa bomu la kifurushi hapa Dar es Salaam, Februari 1969. Nilipofika hapo kwenye prezentesheni Yombo nzima ilinyamaza. Hata yule jamaa mgawa karanga alinyamaza. Maksi zilikuwa nzuri. Nikaenda likizo kifua mbele.

Sasa tuhamie Makanyagio. Kwa msiojua, Makanyagio ni kata ya Mpanda mjini, mkoa wa Katavi. Hapana, hatufugi viboko uani, acheni kuniuliza. Ukitoka Dar kwa reli ya kati unapita Tabora, unafika Kaliua, halafu reli inachepuka kusini porini mpaka inapokwishia, hapo ndipo kwetu.

Jioni moja tumekaa uani, mimi na bibi, mama yake mama. Bibi anabangua karanga, mimi namsaidia kwa uvivu, dada yangu yuko jikoni anasonga ugali na kuchemsha migebuka. Nikaamua kumsimulia bibi habari za Ruth First, kwa mbwembwe zote kama nilivyoprezenti. Magazeti, jela, Dar, Maputo, bomu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akapuliza maganda ya karanga. Halafu akauliza:

"Na watoto alimwachia nani?"

Jamani, nilichukia. Nikasema yale yale! Mwanamke kafa kwa ajili ya Afrika, anaulizwa habari za watoto. Nikamwambia, "Bibi, mbona mume wake humuulizi? Joe Slovo naye alikuwa baba, alitoka nchini mwaka huo huo wa 1963 kabla mke hajakamatwa, asingeweza kurudi. Yeye watoto alimwachia nani?"

Bibi akanitazama. "Nani kakwambia simuulizi? Sijamfikia." Akaendelea kubangua. "Nimeuliza alimwachia nani. Sijasema asingeondoka."

Halafu akanisimulia jambo ambalo miaka yote sijawahi kulisikia. Mpanda, kabla ya kuwa mji, ilikuwa mgodi. Wakoloni walikuwa wanachimba madini ya risasi, na ni kwa ajili ya hayo madini reli ilijengwa ikafika mwaka 1950. Baba yake bibi alikuwa kibarua wa mgodi. Mama yake alibaki kijijini, upande wa Inyonga, na watoto na shamba. Baba alirudi mara chache, na kila aliporudi aliacha kitenge na mimba. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960 baba akarudi moja kwa moja, akakuta shamba limepanuka, maghala mawili, mtoto mmoja kafa na amekwishazikwa. "Mgodi una jina," bibi akasema. "Reli ina jina. Nyie mkisoma mtaambiwa mwaka gani treni ilifika. Mama yangu alilima miaka yote ile, wapi wameandika?"

Nikakaa kimya. Maana, wadau, hicho bibi alichokisema ndicho Ruth First alikwenda kukitafiti Maputo! Matokeo ya utafiti wake yalitoka kama kitabu mwaka 1983, yeye akiwa kaburini. Hoja kubwa mojawapo ni hii: makampuni ya dhahabu yaliweza kumlipa mchimbaji mshahara mdogo kwa sababu kuna mtu mwingine nyumbani analima, analea, anauguza, halipwi kitu. Huyo mtu ni mke. Dhahabu ya Johannesburg ilikaa juu ya jembe la mwanamke wa Inhambane. Hata huku kwetu Wenela walikuwa wanachukua vijana wa nyanda za juu kusini kwenda Afrika Kusini, mpaka serikali ya Nyerere ilipokataa baada ya uhuru. Mgodi wetu wa Mpanda nao ulikaa juu ya jembe la mama yake bibi.

Kwa hiyo swali la bibi lilikuwa swali la historia, tena zuri kuliko langu. Nikarudi nalo kwenye madesa yangu, na majibu yalikuwemo, mimi ndiye niliyeyaruka.

Watoto wa Ruth walikaa na nani alipofungwa 1963? Na Tilly, mama yake. Bibi yao. Mkubwa, Shawn, alikuwa na miaka 13. Tilly ndiye aliyekuwa anapeleka chakula na nguo polisi, anarudi nyumbani kuwajibu watoto maswali. Mimi kwenye prezentesheni nilimtaja Tilly mara moja tu, kwenye mstari wa kuzaliwa.

Na kabla ya Tilly? Ile nyumba ya Johannesburg, kama nyumba nyingi za wazungu wa kule, hata wazungu wema, ilikuwa na wafanyakazi wa ndani weusi. Mwanamke mweusi aliyefanya kazi ya ndani mjini enzi za apartheid mara nyingi aliwaacha watoto wake kijijini kwa mama yake, ili alee watoto wa mtu mwingine. Yaani Ruth alipokimbilia mkutanoni kumtetea mwanamke huyo, mwanamke huyo alikuwa jikoni kwa Ruth. Sisemi hivi ili kumchafua. Naamini yeye mwenyewe aliliona, mtu aliyeandika vile kuhusu wake za wachimbaji asingeshindwa kuliona. Nasema tu ndivyo ilivyokuwa.

Mabinti zake wamelisema waziwazi. Gillian aliandika kitabu mwaka 1997 kuhusu kukua na wazazi ambao walikuwa mali ya mapambano kwanza, na uchungu wake haukufichwa. Shawn aliandika filamu, A World Apart, iliyotoka 1988, kuhusu msichana ambaye mama yake anakamatwa. Filamu hiyo ilipokwenda kwenye tamasha la Cannes, tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilitolewa kwa watu watatu kwa pamoja: Barbara Hershey aliyeigiza mama, Jodhi May aliyeigiza mtoto, na Linda Mvusi aliyeigiza mfanyakazi wa ndani. Mama, mtoto, na dada wa kazi, tuzo moja. Sijui waamuzi walifikiria nini, lakini mimi naona walijibu swali la bibi yangu.

Na kwetu je? Ruth alizaliwa 1925, Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam 1926. Karibu marika kabisa. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar akawauliza viongozi wa TANU, wanawake wenu wako wapi? Wakahaha, na aliyepatikana ni Bibi Titi, mwenye kadi namba 16, mwimbaji wa vikundi vya ngoma. Hakuwa na digrii. Alikuwa na lelemama. Alipita kwa wanawake wenzake wa vikundi, wapika vitumbua, wauza pombe, akaandikisha maelfu. Msomi mmoja wa Marekani, Susan Geiger, aliwahoji wanawake hao wakiwa wazee na kitabu chake kilitoka 1997. Baadhi walimwambia walipewa talaka kwa sababu ya kadi ya TANU. Mume anauliza unatoka usiku kwenda wapi, mke anasema mkutanoni, basi. Bibi Titi mwenyewe yakamkuta makubwa: alikamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini mwaka 1971, akasamehewa 1972, akaishi kimya miaka mingi mpaka alipofariki tarehe 5 Novemba 2000.

Na upande wa pili wa shilingi, Mwalimu alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 ili afanye siasa, nyumba haikuendeshwa kwa hotuba. Mama Maria aliendesha duka dogo. Mwanaume akitoka, mwanamke anabaki. Hilo tumelizoea hata hatulioni. Mwanamke akitoka, anabaki mwanamke mwingine: mama yake, dada yake, au binti wa watu anayelipwa kidogo. Tunasema baada ya vita majukumu ya mwanamke yalibadilika. Ni kweli, nafasi hadharani ilipatikana, na waliolipia kama Ruth na Bibi Titi walilipa ghali. Lakini kazi ya nyumbani haikuhama kwenda kwa mwanaume. Ilihama kutoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine, na historia ikamfuata aliyetoka. Aliyebaki akabaki kweli.

Sasa ile aibu yangu. Nilisema kumbukeni pale niliposhinda. Kundi letu lilikuwa na wasichana wawili. Mimi nilipata kuprezenti. Nani alichapa? Mwenzangu. Yule mpole, asiyebishana na mtu. Kurasa zote, mpaka saa nane usiku, na mimi usiku huo nilikuwa nafanya mazoezi ya kusimama mbele ya kioo. Kazi niliyoikataa mimi haikwenda kwa jamaa wa karanga. Ilikwenda kwake, yote. Na siku ya prezentesheni, nikizungumza habari za ukombozi wa mwanamke, yeye alikuwa amekaa nyuma anasinzia.

Juzi niliporudi nilimtafuta kumwomba radhi. Akacheka, akasema mbona yalikwisha. Tukakaa, tukaongea, akanionyesha picha kwenye simu: mtoto wa kiume, miaka miwili, kavaa gauni la kuchezea la shangazi. Wake. Mwaka mzima na nusu tunasoma wote, sikujua kama ana mtoto.

Nikajikuta nauliza, "Na mtoto umemwachia nani?"

"Mama," akasema. Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza, "Mama naye kaacha genge lake sokoni, hawezi kuuza na mtoto mgongoni."

Nikamfikiria dada yangu kule Makanyagio. Siku ile bibi ananihadithia ya mgodi, dada alikuwa jikoni. Hakusikia hata neno moja, alikuwa anasonga ugali wangu. Alimaliza kidato cha nne mwaka ambao mama aliugua, na mimi ndiye niliyeendelea. Sijawahi kumuuliza alikuwa anataka kusomea nini. Nilimpigia jana. Simu iliita muda mrefu, akapokea anahema, alikuwa kisimani. Nikamuuliza. Akasema, "Leo umeamkaje wewe?" Tukacheka. Hajanijibu bado, ila amesema atanipigia Jumapili akitoka kanisani.

Muhula huu kundi letu limepewa mada ya vijiji vya ujamaa. Mwenzangu ndiye ataprezenti, tumekwishakubaliana. Kuchapa ni mimi na jamaa wa karanga, nusu kwa nusu. Amegoma kidogo, amesema yeye anachapa kama kuku anadonoa. Nimemwambia kuku naye hushiba.

Haya wadau, jua linazama na mbu wa vimbweta wameamka. Boom likiingia tutaonana kafteria. Na wewe unayesoma hii, kabla hujalala, mpigie simu yule uliyemwachia nyumbani.